Mwanangu, bitana ya hilo koti ni ya nini?

Mwanangu mpenzi,

Picha ya suti imenifika, na nimeikuza kwenye simu mpaka nikahesabu vishimo vya vifungo. Umependeza, baba. Mabega yamekaa pale pale yanapotakiwa, na mkono wa koti umeacha shati lichungulie kidogo, kipimo kile kile nilichokuwa nakwambia ukinijibu kwa kuguna. Sifa zako ndizo hizo, nimemaliza. Sasa nisikilize.

Hiyo ni mahameli. Nyeusi, ina kizibao chake, na kwa jinsi ilivyosimama kifuani, nadhani ina bitana nzima kutoka mabegani hadi mgongoni. Na wewe unaoa jangwani, nje, saa kumi alasiri, jua likiwa bado kali. Bitana ni ya nini? Uliuliza, au ulitazama kioo ukaridhika?

Usiniambie muuzaji amesema ni nyepesi. Watu hununua suti kwa kitambaa cha juu, ilhali mara nyingi kinachowapika ni kile cha ndani. Bitana ya poliesta hainywi jasho na haipitishi hewa ya maana. Kwenye hewa kavu ya jangwani inashika umeme pia, inanata kwenye shati na mapajani, ukitembea suruali inakupandia mguuni. Geuza koti, tafuta kilebo kilichoshonewa mfuko wa ndani, unipigie picha. Kama ni viskosi, ile nyuzi laini inayotokana na miti, angalau. Kinachofaa hasa ni bitana ya nusu: mabegani, na mikononi ili mkono uteleze, mgongo ukaachwa wazi. Hapo utamjua fundi kwa kutazama ndani. Kila mshono unakuwa umefungwa kwa ukanda mwembamba, hakuna uzi unaochungulia, kwa sababu hakuna bitana ya kumfichia uvivu wake. Koti la namna hiyo ni kazi zaidi kulishona, japo mteja anadhani amepunjwa kitambaa.

Bitana ya mgongoni naweza kuibomoa mimi mwenyewe kwa jioni moja. Lakini mahameli ukiitoa bitana inabaki mahameli.

Najua utanijibu kwamba watu wa jangwani wenyewe huvaa nyeusi. Mdogo wako amekwisha kunitupia hilo tukiwa mezani, akanionyesha na picha. Ni kweli. Tena mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu majoho ya Wabeduini: joho jeusi lilinyonya joto zaidi kuliko jeupe, lakini joto lililofika kwenye ngozi ya mvaaji lilikuwa lile lile. Siri yake ni kuachia. Joho ni pana, hewa inazunguka kati ya kitambaa na mwili, joto linachukuliwa na upepo kabla halijafika ndani. Suti yako imebana kiunoni, na huko kubana ndiko ulikokulipia. Hewa ipite wapi?

Ungeniuliza mapema, ningekwambia sufu. Usicheke. Sufu si ya baridi tu; kuna sufu nyepesi iliyofumwa wazi, gramu 220 hadi 250 hivi kwa mita moja ya urefu wa kitambaa, ya uzi uliosokotwa mno hata ukiufinya kwenye ngumi unarudi ulivyokuwa. Ukienda dukani usibabaishwe na jina. Kiinue kitambaa mbele ya taa. Ukiona nukta za mwanga zimepenya, upepo nao utapenya. Usipoona kitu, kirudishe. Na jua likizama utanishukuru, kwa sababu hewa ya jangwani ni kavu na mara nyingi haina mawingu ya kuzuia joto la ardhi lisipae. Tofauti ya mchana na usiku inaweza kufika nyuzi 20 za Selsiasi. Wageni watakuwa wanatafuta shali, na wewe una koti lako.

Kitani nacho kinapitisha hewa vizuri sana, ila kinakunjamana. Kama mkwe haoni shida ya mikunjo kwenye picha, mimi sina neno. Pamba siipendi kwa kazi hii. Ikishalowa jasho, inakaa nalo.

Rangi ya mchanga usiiguse. Utapiga picha ukabaki kichwa na mikono. Kijani kilichokolea, bluu iliyoingia kijivu, au kahawia ya tumbaku, hizo zinasimama mbele ya mchanga bila kupiga kelele. Shati liwe jeupe. Bluu mpauko inatangaza jasho, na jasho likikauka kwenye kitambaa cheusi linaacha mistari ya chumvi mgongoni, kila mtu anaisoma. Kabla ya kuchagua, muulize mkwe gauni lake ni jeupe kabisa au limeingia rangi ya krimu, maana shati jeupe pe likisimama karibu na krimu linaifanya ionekane chafu. Hataki kukwambia mwenyewe, lakini mimi nimemsikia sauti yake kwenye simu. Mkwe ana macho, huyo. Umechagua vizuri, na hilo nalo sikuwahi kukwambia.

Picha si hofu yangu, wewe unajua. Hofu yangu ni ule wakati mmesimama mbele za watu, na hadhira yote inakutazama usoni. Hewa kavu inakausha jasho lile lile linapotoka, kwa hiyo mtu anadhani hatoki jasho, kumbe kwenye joto kali mwili unaweza kupoteza zaidi ya lita moja kwa saa. Huoni, husikii kiu mpaka umechelewa. Halafu bwana harusi anakaza magoti asimame kishujaa, damu inatuama miguuni, kichwa kinakosa. Askari wa gwaride huanguka hivyo hivyo, tena vijana wenye afya zao. Legeza magoti, chezesha vidole ndani ya viatu, hakuna atakayekuona. Maji uanze kunywa tangu asubuhi, usingoje saa tisa ukayabugia.

Na ukiona dunia inazunguka, vua koti. Najua nani alikukaririsha kwamba mwanamume akishavaa koti halivui mpaka wageni waondoke. Aliyesema hilo anasema sasa: vua. Sitaki ufe kiofisa mbele ya wakwe. Kizibao ukiache nyumbani kabisa. Au ukivae bila koti, basi, lakini vyote viwili na bitana ya poliesta juu yake, hapana.

Muda wa kubadilisha saa ya harusi mnao? Saa moja na nusu hivi kabla ya jua kuzama ingetosha kwa shughuli, na wapiga picha wenyewe hupenda mwanga wa wakati huo. Zungumza na mkwe. Usimwambie nimesema mimi.

Viatu vya ngozi vya kung'aa vitajaa mchanga na soli yake laini itateleza. Tafuta buti fupi za ngozi isiyong'aa, ile ya suede, zinazofunika kifundo. Tai uifunge kwa kibanio, upepo hauheshimu bwana harusi. Miwani yako ile inayobadilika rangi juani iache; utatoka kwenye kila picha kama mlinzi wa waziri. Mafuta ya kukinga jua upake nusu saa kabla ya kuvaa shati, yakauke, la sivyo ukosi utaingia doa la manjano. Ua la kifuani mtu akupachike mwishoni kabisa.

Baba yako ameamua kuvaa suti yake ya kijivu, ile ile. Nimeipanua kiuno, hajui, anadhani amepungua. Mwache hivyo hivyo. Ila hataki kofia, na kipara chake hakitaki mjadala na jua, kwa hiyo umpigie wewe, maana maneno yangu kwake yamezoeleka. Shangazi yako anauliza kama viti vitakuwa na kivuli. Nimemjibu ndiyo. Hakikisha ni ndiyo.

Cherehani imerudi kwa fundi, safari hii inakata uzi wa chini, lakini ile ya zamani ya mkono ipo na inashona. Nisemalo ni kwamba kama utaniletea vipimo vya mgongo na kifua wiki hii, na si ulivyojikisia mwenyewe, mtu akupime umesimama wima, koti la bitana ya nusu linawezekana. Suruali nunua tu. Kitambaa ninacho, kimo kabatini kwako chini ya mablanketi, bluu ile ya kijivu. Nilikuwa nimekiweka.

Ufunguo wa hilo kabati uliondoka nao. Mpe yeyote anayekuja huku, la sivyo nitamwita seremala alivunje.

Mama yako