Mshumaa wa soya unapochimba shimo katikati

Picha tunazotumiwa WhatsApp na wateja zinafanana: nta imeganda pembeni mwa glasi hadi juu, katikati kuna shimo refu, na utambi umezama huko chini. Halafu swali: "Dada, mbona mshumaa wako unakataa kuwaka?"

Mara nyingi chanzo ni umeme. Ukikatika, mtu anawasha mshumaa. Ukirudi baada ya dakika 20, anaupuliza. Kwa ule mshumaa mweupe mwembamba tunaousimamisha kwenye kisosi hakuna neno, moto unaufikia wote. Wa nta ya soya kwenye glasi ni mpana. Ukizimwa wakati nta imeyeyuka duara dogo tu, ukiwashwa tena moto unafuata duara lilelile, unazidi kushuka, na nta ya pembeni inabaki bila kuguswa. Hiyo ni hela yako imekaa tu.

Kwa hiyo siku ya kwanza usiuwashe kama una haraka. Acha uwake hadi nta iyeyuke na kugusa glasi pande zote. Kadirio letu ni saa 1 kwa kila sentimita 2.5 za upana, na glasi zetu zina sentimita 7 na ushee, basi tenga saa 3. Juni na Julai, kwa baridi hii ya Arusha, ongeza kidogo. Ila usipitishe saa 4 mfululizo, glasi inapata moto mno.

Kama shimo limeshatokea, usiichokoe nta kwa kisu. Chukua karatasi ya foili, zungushia mdomo wa glasi, kunjia ndani kiasi ifunike nta ya pembeni, acha tundu la kutosha katikati ili moto upumue. Joto linabaki ndani na nta ile ngumu inaanza kulegea. Kaa karibu nao muda wote, na foili usiitoe kwa mkono mtupu.

Utambi ukate ubaki milimita 5 kila kabla ya kuwasha; mkasi wa kucha unatosha. Ukiwa mrefu unatoa moshi na kupaka glasi masizi, na upepo wa dirishani unaleta balaa hilohilo.

Yale mabaka meupe kama ukungu, ambayo wengine wanadhani mshumaa umechacha? Ndivyo nta ya soya inavyoganda, hasa ikikutana na baridi. Hayapunguzi harufu.

Nta ikibaki kama sentimita 1, zima, usiuwashe tena. Chini hapo glasi inaweza kupasuka. Mimina maji ya moto yasiyochemka, nta itaelea, subiri igande juu uitoe. Usiimwage kwenye sinki, itaziba bomba. Kibati cha utambi kibandue kwa ncha ya kijiko, futa kwa gazeti, kisha osha kwa sabuni. Weka maua, brashi, pini za ushungi. Chai hapana, jamani: ile ilikuwa na manukato.

Au turudishie glasi, ulipie nta, utambi na harufu tu. Mchaichai ipo tayari. Karafuu tumeimimina juzi, na nta ya soya inataka kama wiki 2 itulie ndipo harufu ikolee, kwa hiyo anayeitaka aweke oda sasa.