Dar nayo ilichaguliwa

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaodai kuwa Dodoma, makao makuu ya nchi yetu, "ilichaguliwa kwenye ramani tu", kana kwamba Dar es Salaam ilishushwa kutoka mbinguni.

Wajerumani walianzia serikali yao ya kikoloni kwetu Bagamoyo. Mji ulikuwa na misafara ya pembe kutoka bara, wafanyabiashara, misikiti na misheni. Kilichokosekana ni kina cha maji. Bandari yetu ni ya majahazi; meli kubwa zilitia nanga mbali, mizigo ikavushwa kwa mashua. Dar es Salaam, mji alioanza kuujenga Sultani Majid wa Zanzibar miaka ya 1860, ulikuwa na bandari yenye kina, iliyokingwa dhidi ya mawimbi. Mwaka 1891 makao ya serikali yakahamia huko. Sisi tukabaki na magofu (na pweza watamu, hilo hawakuweza kulihamisha).

Kwa hiyo Dar ilipewa serikali kwa ajili ya meli. Mkoloni alitazama baharini, maana ndiko ilikokwenda mali aliyoitafuta. TANU, chama kilichotawala wakati huo, ilipoamua serikali ihamie Dodoma mwaka 1973, ilitazama upande wa pili: mtu wa Kigoma au Mbeya aifikieje serikali yake bila kusafiri hadi ukingoni mwa nchi?

Ukame wa Dodoma ni hoja ya kweli, na hapo sina ubishi. Anayeileta aje na hesabu ya maji, tuijadili.

Msomaji wako,
Bagamoyo