Fidia ya mafuriko Tana River iko wapi?

Mhariri, mimi ni mkulima huku Tana River, upande wa Garsen. Mafuriko ya Novemba 2023 yalibeba mahindi yote, hata hatujapumua Aprili 2024 mto ukafurika tena, migomba ikalala chini na pampu ikazama kwenye tope. Watu walikuja wakachukua namba za vitambulisho na za simu wakasema pesa zitaingia kwa M-Pesa, mpaka leo kimya. Na kuna kina mama laini zao zimesajiliwa kwa jina la mtoto, hao si wataachwa kabisa jamani? Tunaomba orodha ibandikwe kwa chifu kila mtu ajionee jina lake, na pesa zije kabla ya mvua, mbegu na mafuta ya pampu tunanunua saa hii sio wakati wa kuvuna.