Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Kikundi cha Walezi wa Watoto wa Kutwa kwa Mwaka 2024

Wanachama wenzangu, akina mama, na akina baba wawili mlio nasi,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti asome taarifa ya mwaka kabla ya uchaguzi, na ingawa nimesikia kwamba wapo ambao wangependa tuingie kwenye uchaguzi moja kwa moja, nawaomba mnivumilie.

Shughuli za kawaida mnazijua. Mafunzo ya huduma ya kwanza yalifanyika mwezi wa Machi. Wahamasishaji wa afya ya jamii walitutembelea, wakapitia vitabu vya kliniki vya watoto na kuwapa matone ya vitamini A wale waliokuwa wamefikisha umri. Na wanachama 9 walianza kutafuta usajili chini ya sheria ya mwaka 2017 ya kaunti yetu ya Nairobi kuhusu vituo vya kulelea watoto. Niliandamana nao katika ofisi za kaunti mara 4 kwa nauli yangu mwenyewe, jambo ambalo sikuliona katika muhtasari wa mkutano wowote.

Mwaka wenyewe haukuwa mwepesi. Mafuriko ya Aprili na Mei yaliwahamisha baadhi ya wazazi wetu waliokuwa wakiishi karibu na mto, na shule zilipochelewa kufunguliwa hadi Mei 13, wengi wetu tulibaki na vyumba vitupu. Walioshangaa walisahau hesabu ya mzazi: mama mwenye binti wa Gredi ya 6 aliyekaa nyumbani haoni sababu ya kulipa shilingi 100 kwa siku, kwa hivyo binti huyo ndiye anayefungiwa mtoto mgongoni. Jumanne ya Juni 25, siku ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, mambo yaligeuka. Matatu zilikosekana, akina mama wakarudi kwa miguu kutoka mjini na Industrial Area, na mtoto wa mwisho kwangu alichukuliwa saa tano kasoro usiku. Mama yake alikuwa amebeba viatu mkononi. Sikumdai senti ya saa zile za ziada, na najua wengi wenu pia hamkudai. Ni kazi ambayo hakuna anayeihesabu, ingawa bila sisi vibarua wengi wa mtaa huu, mama wa kufua na wa kiwandani, wasingeweza kutoka nyumbani alfajiri.

Sasa nije kwenye jambo lililoleta maneno mwaka mzima, yaani uamuzi wa Juni kwamba mlezi mmoja asishike watoto zaidi ya 10, na kati yao walio chini ya mwaka mmoja wasizidi 3.

Nimelaumiwa kwamba niliupitisha uamuzi huo kichinichini. Naomba mkumbuke jinsi ulivyopitishwa. Jambo hili liliwekwa kwenye ajenda ya Februari, wakaja wanachama 17. Likawekwa tena Aprili, wakaja 14, nami sikuwalaumu kwa sababu ya mvua. Likawekwa mara ya tatu mwezi wa Mei, na tukasubiri hadi saa kumi jioni tukiwa 21, ilhali akidi ni 24 katika wanachama 46. Katiba inairuhusu kamati kuamua jambo la dharura akidi ikikosekana. Wanaosema kwamba halikuwa la dharura hawakuona nilichokiona.

Mwezi huohuo wa Mei, mimi na mjumbe mmoja wa kamati tulimtembelea mwanachama mwenzetu, ambaye jina lake halitatajwa hapa wala sitaki lisemwe kwa minong'ono huko nyuma. Anakaa ghorofa ya nne, katika chumba kimoja. Tulihesabu watoto 19 na mlezi mmoja. Jiko la makaa lilikuwa ndani, nyuma ya mlango, kwa sababu mwenye nyumba haruhusu jiko kwenye veranda. Ilikuwa saa nne asubuhi, na watoto watatu wachanga walikuwa wamelala kwenye godoro moja pamoja na kelele zote zile. Nilimwinua mmoja mkono, na nilipouachia ulianguka kama kitambaa kilicholowa. Dirishani palikuwa na chupa ya dawa ya mafua na kijiko chenye mabaki ya dawa ya rangi ya waridi yaliyokwisha kukauka. Nilipomuuliza kama amewapa dawa hiyo ili walale, hakubisha. Aliniuliza nami, "Mwenyekiti, wote watatu wakilia kwa pamoja na uji uko motoni, nimshike yupi?"

Sikuwa na jibu siku ile, na kwa kweli jibu lenyewe ndilo uamuzi wa Juni. Mlezi mwenye mikono miwili na watoto 19 atafika tu mahali pa kutafuta chupa, awe mwema kiasi gani. Tulifungua madirisha, tukatoa jiko nje, tukakaa hapo hadi watoto walipoamka na kunywa maziwa, kisha tukawapigia mama zao tukawaambia ukweli. Wako walionilaumu kwa kutompeleka mwenzetu kwa chifu, na wako walionilaumu kwa kumwaibisha mbele ya wazazi. Makundi hayo mawili yangekutana yangenipunguzia kazi.

Hoja ya mapato naielewa, maana hata mimi nalipa kodi. Aliyekuwa na watoto 20 kwa shilingi 100 alikuwa akipata 2,000 kwa siku, na humo mnatoka unga wa wimbi, maziwa, maji ya mitungi, makaa na sabuni. Sasa atapata 1,000 au aajiri msaidizi. Baadhi yenu mmeajiri, wengine mmeungana wawili wawili katika nyumba moja na kugawana kodi, na mpango huo wa pili naona unafaa zaidi. Lakini sikubali maneno kwamba uamuzi huu ulitungwa ili watoto waliopunguzwa kwa wengine waje kwangu. Nilikuwa na watoto 14, nikarudi 10 kabla ya mtu yeyote. Kweli, baadaye nilipokea wawili kutoka kwa jirani, lakini hiyo ni baada ya wawili wangu kuhamia Kitengela, na mama zao walikuja wenyewe.

Kuhusu fedha, mweka hazina ana daftari. Tulianza mwaka na shilingi 31,250. Michango ya shilingi 200 kwa mwezi ilipaswa kuleta 110,400, ikaleta 64,800. Faini za kuchelewa mkutanoni zikaleta 3,700. Tulitumia 71,300 kwa vizimamoto, mafunzo, ukumbi na mengineyo, zikabaki 28,450. Wanachama waliolipa mwaka mzima ni 17 tu. Walionipigia simu usiku kuuliza kwa nini hakuna mgao wa Desemba, isipokuwa wawili, hawamo katika 17 hao. Vizimamoto vilinunuliwa kwa sababu ya majiko, nami nitavitetea hata nikiondoka kwenye kiti hiki.

Kuhusu mwaka ujao, tunatarajia kuzungumza na kaunti ili usajili upunguziwe gharama, tunatumaini kupata mfadhili wa magodoro na vyungu vya watoto vya kujisaidia, na Mungu akijalia tutatafuta chumba cha pamoja ambapo mlezi aliyeugua anaweza kupeleka watoto wake kwa siku mbili tatu badala ya kufunga mlango. Bei ya chumba hicho bado haijulikani.

Mwanachama wa ghorofa ya nne yumo ukumbini leo, ana watoto 9 na msaidizi mmoja, na amelipa michango yake yote. Wanaotaka kupendekeza kwamba uamuzi wa Juni ufutwe watapewa nafasi baada ya chai, mradi tuwe bado 24.

Mwenyekiti
Nairobi