Tuachieni vibao vyetu vyeusi

Mhariri,

Mwezi jana fundi wa rangi aliniuliza swali nikakosa jibu. Alikuwa amemaliza kupaka Peugeot 504 ya marehemu baba, ile station wagon ya viti vya watu saba, rangi ya maziwa kama ilivyokuwa zamani. Kilichobaki ni kufunga taa, bampa na kibao cha nambari. Akakiokota kibao sakafuni, akakipangusa kwa tambara lenye thina, akaniambia: "Mzee, hiki nikirudishe ama utaleta kipya?"

Kibao chenyewe ni cheusi, na herufi zake nyeupe zimeinuka kwenye bati hivi kwamba ukipitisha kidole unazisoma hata gizani. Herufi tatu, tarakimu tatu, basi. Hakina ile herufi ya mkiani iliyokuja na mfululizo ulioanza 1989. Pembe moja imekunjika: baba aligonga lango la shule akirudi nyuma, na hadi anaingia kaburini hakukubali kwamba ni yeye.

Wasomaji wanakumbuka kwamba Agosti 2022 serikali ya Kenya ilizindua nambari za usajili za kizazi kipya. Ada ikawa shilingi 3,000, na tukaambiwa magari yote nchini yawe yamebadilisha katika miezi 18. Miezi hiyo ilikwisha mapema 2024. Simama kando ya barabara kuu hapa Nakuru dakika tano tu uone vibao vya zamani vilivyobaki. Sababu zilizotolewa sizipingi hata moja. Watu wanachonga nambari bandia, magari mawili yanatembea na nambari moja, na mwenye gari halali ndiye anayeamshwa na polisi usiku. Kibao chenye alama za siri ni dawa ya hilo.

Ila nauliza: ni mwizi gani atakayejificha ndani ya Peugeot 504 yenye kibao cheusi? Nikisimama kituo cha mafuta, watu watatu wanakuja kunisimulia walivyosafiri na gari kama hili kwenda Kisumu, tisa wakibanana nyuma. Mwizi anataka gari lisilotazamwa.

Kuna jambo jingine linalochekesha likikupata wewe na kuudhi likinipata mimi. Nahimizwa kubadilisha kibao nisichotaka kukibadilisha, na hata nikitaka, siwezi. Gari bado liko kwa jina la baba. Alipofariki tulikwenda kortini kama familia nyingine, tukaorodhesha shamba, ng'ombe na akaunti ya chama cha ushirika. Gari lilikuwa limekaa juu ya mawe chini ya mparachichi, kuku wakitagia kiti cha nyuma, na hakuna aliyeona haja ya kulitaja. Leo uhamisho wa umiliki unafanyika kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na anayeuanzisha ni yule ambaye jina lake limo kwenye rekodi. Nilipompelekea kijana wa saiba, duka la intaneti, logbook (hati ya umiliki) ya karatasi, imechanika kwenye mikunjo, aliuliza kwa heshima kabisa kama huyu mzee anaweza kuja na simu yake ili apokee msimbo.

Kisha akaitazama nambari ya chesisi. "Hii haijakamilika," akasema. Imekamilika. Ina tarakimu saba, kama Peugeot walivyoziandika wakati ule. Nambari ndefu ya herufi na tarakimu 17 aliyoizoea yeye ilikuja kuenea miaka ya 1980. Simlaumu kijana, gari limemzidi umri mara mbili.

Najua njia halali ipo: nirudi kortini, hati ya mirathi irekebishwe, gari liongezwe, ndipo jina libadilishwe. Nimeianza, wakili amekwisha kula chake cha kwanza. Lakini nawajua wenzangu wasiopungua kumi katika mji huu walionunua magari ya aina hii kwa wajane na watoto wa marehemu. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inampa mnunuzi siku 14 kuomba uhamisho, na inamhesabu aliyeandikwa kwenye rekodi kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo wamiliki wa magari hayo, kwa mujibu wa daftari, wako makaburini. Wenzangu wanayatoa Jumapili asubuhi tu, wanayarudisha kabla askari hawajaanza kazi. Hiyo si hali ya kufurahia.

Kumbuka pia kwamba magari haya hayaongezeki. Kiwango cha taifa cha magari, KS 1515, kinakataza kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na kila Januari mwaka wa mwisho unaokubaliwa unasogea. Mwaka huu wa 2026 ni magari ya 2019 kuja mbele. Huwezi kuagiza Datsun 240Z kutoka Japan, wala Kombi, wala Peugeot. (Wageni wanaokuja kwa Safari Classic, mbio za magari ya zamani, tunawapigia makofi wakipita na Porsche zao za miaka ya 1970.) Yaliyoko ndiyo yaliyoko: yale yaliyoshinda Safari Rally, kama 504 mwaka 1975 na tena 1978, na yale yaliyounganishwa hapa hapa nchini, Mombasa na Thika. Likikatwa moja likauzwa vyuma kwa sababu karatasi zake zimeshindikana, limekwenda.

Atatokea wa kusema huu ni mchezo wa matajiri wanaokwenda Concours d'Elegance, maonyesho ya magari yaliyotunzwa, pale Ngong Racecourse na kofia zao. Wapo, na tangu 1970 wamefanya kazi nzuri. Lakini njoo Nakuru. Hapa utakuta mwalimu mstaafu, mwenye duka la spea, na fundi wa injini anayeokoteza kabureta Grogan, kwenye maduka ya spea, kila akifika Nairobi. Mimi mwenyewe gari hili limenila miaka sita, kidogo kidogo, mlango mwaka huu, gearbox mwaka ujao.

Wenzetu wamelitatua bila kelele. Ujerumani, tangu 1997, gari lililofikisha miaka 30 na kubaki karibu na lilivyotoka kiwandani hukaguliwa, likapewa herufi H mwishoni mwa nambari yake. Uingereza inaruhusu kibao cheusi kwenye gari la kihistoria lililotengenezwa kabla ya Januari 1980. Na tarehe 26 Agosti 2025 wakalegeza tena: ukirekebisha gari kuukuu kwa kubadilisha kifaa kwa kingine cha aina ile ile, na sura yake isigeuke, huna haja ya kuripoti. Ukigeuza umbo lenyewe, utaripoti, lakini nambari yake ya asili inaweza kubaki. Nchi hizo hazikuacha kupambana na wezi wa magari.

Ombi langu kwa Wizara ya Uchukuzi na NTSA, mamlaka inayosajili magari, si kubwa. Yawekeeni magari yaliyotimiza miaka 30 daraja lake kwenye daftari. Yakaguliwe, hata kila mwaka, breki na usukani na chesisi. Sisi hatuogopi ukaguzi, mengi yetu yanapanguswa kuliko watoto. Alama ya siri na taarifa zote ziwe kwenye stika ya kioo cha mbele, kisha kibao cheusi kibaki mahali pake. Shilingi 3,000 tutalipa hizo hizo. Na kwa magari ambayo majina ya wenyewe hayajatoka kwa marehemu, fungueni dirisha la miezi michache, familia zije na karatasi, chifu aitwe athibitishe, atakayetaka kupinga apewe nafasi. Najua mjanja mmoja atajaribu kupenyeza gari la wizi. Ndiyo maana nasema chifu, si saiba.

Fundi bado alikuwa amesimama na kibao mkononi. Nilimwambia akirudishe, lakini akifunge kwa skrubu, si kwa ribiti.

Mpenzi wa magari makuukuu,
Nakuru