Daftari lisivuke

Tandika, Jumapili

Mama'angu,

Tangazo lako la tamasha limenifika. Mdogo wako alilifungua kwenye simu, akalivuta kwa vidole mpaka herufi zikawa kubwa kama za ubaoni, nikalisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi. Mara ya pili nikafika mstari wa nne kutoka chini, pale mlipoandika kwamba daftari la kale la mashairi ya babu yako litakuwa mezani na "wageni watapata fursa ya kulipitia". Nikamwambia mdogo wako azime.

Kulipitia vipi? Mkononi mwa nani? Na likirudi mezani, nani atahesabu kurasa?

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ungeniambia "sawa baba", nami hiyo "sawa baba" yako naijua. Mjomba wako anavuka kesho alfajiri na mchele, barua nimempa yeye. Isome ukiwa umekaa, si huku unagombana na mwenye spika.

Haki yako nikupe kwanza. Tangazo limeandikwa Kiswahili kilichonyooka. Umeandika "maonesho", sisi tulifundishwa "maonyesho" na tukafundisha hivyo miaka thelathini, lakini najua ndivyo mnavyoandika sasa, sibishani. Tangu mwaka 2021, Gurnah alipopewa Nobel, ulianza kuniambia habari za tamasha. Nikakuambia yule mtoto wa Unguja anaandika Kiingereza na anaishi Uingereza, sisi wa Kimbiji inatuhusu nini? Ukanijibu, "Ndiyo maana, baba. Sisi wa Kiswahili tunangoja nani atuite?" Nilicheka wakati ule. Leo umepata waandishi watatu na mhadhiri mmoja wakubali kuvuka kwa pantoni hadi Kimbiji, mahali ambapo watu wa Posta wanadhani pako karibu na Mafia. Nimelisema hilo kijiweni kwa sauti, hata waliokuwa wanacheza bao wakainua vichwa.

Lakini daftari lisivuke.

Juzi uliniambia, na sauti ukaipandisha, kwamba bila wageni leo tusingekuwa na tungo za Muyaka, yule malenga wa Mombasa. Kweli, siwezi kukukatalia. Muyaka alifariki karibu na mwaka 1840, na ni Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyehangaika kuzikusanya tungo zake, akishirikiana na yule mmisionari Taylor. Wasingefanya hivyo zingezikwa pamoja na waliozikariri. Ila hadithi imalizie, usiikatie kati. Karatasi zenyewe ziko wapi? London. Mtoto wa Mombasa akitaka kuziona kwa macho yake, si kwa picha, aanze na pasipoti. Sisemi wageni wako ni wezi, wala sisemi wana nia mbaya. Mtu mwenye nia mbaya babu yako angemtambua kabla hajavua viatu. Ninaowaogopa mimi ni wale wazuri, wanaosema "nitalirudisha mwezi ujao" na wao wenyewe wanaamini.

Halafu nikuulize jambo ambalo nadhani kamati yenu haikulifikiria. Daftari lile limeandikwa kwa hati za Kiarabu mwanzo mpaka mwisho. Babu yako hakulinunua kwa ajili ya mashairi. Lilikuwa daftari la hesabu za duka, lenye mgongo wa kitambaa cha kijani na mistari myekundu ya kutenga shilingi na senti. Yeye akaona mistari ile inamfaa. Ukwapi, kipande cha kwanza cha mshororo, akauweka safu ya kulia, utao, kipande cha pili, safu ya kushoto, kila kipande mizani nane, yaani silabi nane, na kina kikasimama kwenye mstari mwekundu kama askari wa zamu. Kipande kikizidi mizani kilionekana kwa jicho tu: kimetoka kwenye shilingi kimeingia kwenye senti. Mashairi aliyoyapeleka gazeti la Mambo Leo aliyanakili kwanza humo, na yaliyokataliwa aliyawekea nukta pembeni, nukta moja ndogo, bila maneno.

Sasa wageni wako wanne, wangapi wanaisoma hati hiyo? Labda mhadhiri. Wengine watafunua, watasema "aisee", watapiga picha na kidole kimoja kikiwa juu ya wino. Anayeisoma kama anakunywa maji ni shangazi yako, aliyeijulia chuoni kwa maalim akiwa na miaka saba. Na shangazi yako kwenye tangazo lako nimemwona wapi? Kamati ya chakula! Wageni wana picha kubwa na majina mazito, wazee wa kijiji wako chini kabisa, "na malenga wengineo", na mtu pekee anayeweza kulisoma daftari ananyoosha mikono kwenye sufuria la pilau. Hapo mama'angu umenikera, sitakuficha.

Mtoe jikoni. Mpe kiti na kipaza sauti, asome yeye daftari likiwa mapajani mwake, wageni wamsikilize. Wakitaka kuuliza waulize. Yule mshairi kijana uliyemsifia, mwambie asije na mada, aje na beti tatu za kumjibu marehemu. Kujibizana ndiyo kazi ya ushairi tangu zamani, na watu wa Kimbiji watakaa kusikiliza majibizano mpaka jua lizame, lakini mada ya dakika arobaini watakuachia viti. Na wazee uwatangulize asubuhi. Mtu wa miaka themanini ukimwambia angoje mgeni rasmi afike ndipo aseme, saa saba utamkuta amelala mdomo wazi na watoto wanamcheka. Huyo mgeni rasmi mwenyewe akichelewa, anzeni. Atakuta mmeanza.

Jambo la bahasha. Nasikia wageni wana nauli na posho, wazee wana soda na kanga. Sina pesa za kukuongezea, lakini bora uwe na bahasha kumi ndogo zinazofanana kuliko nne nene na sita zisizokuwepo. Watu wa kijiji hawasemi. Wanaona, wananyamaza, mwakani hawaji.

Tarehe 7 Julai umeichagua vizuri kwa kuwa ndiyo siku ya Kiswahili duniani, lakini umesahau kwamba hapa Dar ndiyo Sabasaba yenyewe. Upande wa Kurasini na Kilwa Road patafunga, na pantoni itajaa watu wa pwani na majamvi yao. Wageni wavuke kabla ya saa mbili asubuhi. Kodi Coaster moja iwachukue wote pamoja na iwarudishe pamoja. Mgeni anayekuja na gari lake ana buti, na buti ndimo vitu vinamoingia kwa nia njema. Umenielewa.

Na ni kusi hiyo. Wewe umezaliwa Temeke, kusi ya Julai unaijua kwenye mapazia tu. Pale uwanjani karibu na ufukwe turubai halitakaa, litang'oka na vigingi vyake na kuangukia watu. Hamieni nyuma ya madarasa, ukuta unavunja upepo. Kipaza sauti kivisheni soksi safi, nzito, la sivyo spika zitavuma kama lori na hakuna atakayesikia kina wala mizani. Samaki nao siku hizo ni wachache, ngalawa hazitoki mbali. Usiwaahidi wageni changu wa kupaka. Pilau la nyama linatosha. Vyoo vya shule vina milango? Hujaniambia, nami nimeuliza mara mbili. Barua ya kumjulisha mtendaji wa kata iwe na muhuri wa kupokelewa, nakala ikae kwako, na afisa utamaduni wa wilaya umfuate mwenyewe, usimtumie kijana.

Unajua madaftari yalikuwa mawili. Na unajua, kama wote mnavyojua, kwamba la pili lililiwa na mchwa.

Mwaka 1986 babu yako alikwenda Mafia harusini, siku nne. Mimi nilikuwa likizo, mwalimu wa miaka mitatu kazini, nina kalamu mbili mfukoni. Alikuja mgeni, mtu wa vitabu, mpole, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Alikula pweza wa shangazi yako akaomba na mchuzi. Alinisomea mashairi ya watu wa Lamu kwa kichwa. Kuna watu wanapokusikiliza unajiona umekuwa mrefu. Alipoondoka nilimfungia kitu kwa gazeti na kamba ya katani, akaniandikia risiti yenye jina na tarehe, nikaitia ndani ya Msahafu. Risiti hiyo nayo sijui ilikokwenda.

Babu yako aliporudi nilimwambia mchwa. Alipiga magoti, akachungulia uvungu wa sanduku, akapitisha kidole kwenye sakafu mwanzo mpaka mwisho, akakitazama kile kidole. Hakikuwa na udongo. Sakafu yenyewe ilikuwa ya saruji. Akasimama akijishika kiuno, akaniuliza kama nimeshakula.

Bibi yako aliwaapiza mchwa mpaka anaingia kaburini. Shangazi yako hadi leo anapaka oili chafu miguu ya sanduku kila baada ya masika, na usimwulize kwa nini. Mama yako hili halijui, na barua hii ukishaisoma iweke mahali ambapo hatalijua.

Kwa hiyo ukiniambia "baba una hofu za kizee", sawa, ni za kizee, zina miaka yake. Daftari lisivuke hata kwa saa moja, hata kwenda kutolewa kopi Kigamboni mjini, hata akilibeba mhadhiri mwenyewe. Kama kopi inatakiwa, piga picha wewe, kwa simu yako, kabla wageni hawajafika, ukurasa kwa ukurasa, asubuhi mlangoni ambapo mwanga haukati. Shangazi yako ndiye afunue, ana mikono mikavu. Picha uwape wanaozitaka, uandike juu yake jina la babu yako na Kimbiji, ili hata zikienda London zikajulikane zilikotoka. Hilo la picha nimelifikiria usiku, na ni wazo lako, najua, ulilisema mwezi uliopita nikakukatiza. Basi.

Huku hatujambo. Goti la mama yako linamsumbua asubuhi, mchana anasahau. Mpangaji wa chumba cha uani ana miezi miwili hajalipa na juzi amenunua redio kubwa. Nimemwambia mama yako aseme naye maana mimi nikisema nitaharibu. Luku inakwisha haraka, namshuku mdogo wako na pasi. Yule kuku mweupe ametotoa saba, kunguru amechukua wawili. Sufuria kubwa uliyoondoka nayo ni la kuazima, si letu kama ulivyodhani, mwenyewe ameshapita hapa mara mbili kulisalimia. Lirudi baada ya tamasha, na mfuniko wake.

Nitakuja siku ile, Mungu akipenda, lakini usiniweke mbele na usinitaje. Nitakaa na wazee.

Mchele ni kilo hamsini, mjomba wako ameshalipwa nauli, asikuambie hajalipwa. Ndani ya gunia, juu kabisa, kuna kifuko cha iliki kimefungwa kwa uzi mweusi. Ufunguo wa sanduku umo humo. Ufungue mwenyewe, na ukishafunga uuvae shingoni. Iliki ni za pilau la wageni. Usimwachie shangazi yako, atazimaliza zote kwenye chai.

Baba yako