Wazee watangulie kupanda pantoni

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili niseme na wakazi wenzangu wa Dar es Salaam, hasa sisi tunaovuka kati ya Magogoni na Kigamboni, kuhusu namna tunavyowatendea wazee pale lango la kivuko linapofunguliwa. Kila likizo familia nyingi za hapa mjini hupokea wazazi kutoka mikoani, na matembezi yanayotujia kichwani kwanza ni kuvuka ng'ambo, kutandika mkeka ufukweni Mjimwema au Gezaulole, kula, watoto wakaoga baharini, kisha kurudi jioni. Ni matembezi mazuri ambayo hayamfilisi mtu, kwa kuwa nauli ya mtu mzima anayevuka kwa miguu ni shilingi 200 na chakula hutoka nyumbani. Kinachoyatia doa ni ile dakika moja ya kukimbilia chombo.

Hivi karibuni nilivuka na wazazi wangu waliokuja kututembelea kutoka Sengerema. Hawa si wageni wa maji. Kwa miaka mingi kivuko cha Kigongo na Busisi kilikuwa ndiyo njia yao ya kwenda Mwanza, hadi Daraja la J. P. Magufuli lilipozinduliwa tarehe 19 Juni 2025, na baba alifurahi waziwazi kusikia kwamba huku kwetu pantoni bado lipo. Kwa hiyo bahari haikumtisha mtu. Kilichomshtua mama ni watu. Lango lilipofunguliwa, umati uliokuwa nyuma yetu ulisukuma kwa pamoja, baiskeli zikapenya katikati, na mama, ambaye magoti yake hayamruhusu kwenda mbio, akabaki ameshika nguzo kwa mkono mmoja na kanga yake kwa mkono wa pili, huku watu wakimpita kulia na kushoto kana kwamba yeye mwenyewe ni nguzo. Aliyemwokoa ni mama mmoja aliyekuwa na beseni la samaki kichwani, bila shaka ametoka kununua pale Feri, ambaye alisimama katikati ya njia, akanyoosha mkono na kusema, "Jamani, mpisheni bibi." Wakampisha. Hakuna aliyenuna wala kulalamika, jambo linalonifanya niamini kwamba tatizo letu si ukatili bali ni mazoea.

Watu wa kazini wanaovuka alfajiri wana haraka ya kweli, na mzee anayejua mji hatapanga safari yake saa hiyo. Lakini Jumapili saa nne asubuhi tunakimbilia nini? Chombo kinavuka kwa dakika chache, kinashusha, kinapakia na kurudi. Halafu ule mlango wa chuma wa kupandia una mteremko, mara nyingi umelowa, na wimbi dogo tu linatosha kuuchezesha chini ya miguu. Kijana akiteleza hapo atacheka na kuinuka, ila kwa mzee mtelezo huohuo unaweza kuwa mwisho wa kutembea bila mkongojo.

Tulipokaribia upande wa pili, baba alikataa kabisa tusogee mbele na wenzetu walioanza kujazana mlangoni kabla chombo hakijafika. Watu wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kuelezwa sababu. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere, kivuko chenye uwezo wa kubeba abiria 101, kilipinduka kikikaribia gati la kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Kilikuwa kimezidisha watu kupita kiasi, na Magogoni si Ukara, wala sisemi haya kumtisha yeyote. Nasema tu kwamba mzee anayetuomba tubaki tulipo hadi chombo kifunge anastahili kusikilizwa.

Najua wapo watakaouliza kwa nini nisiwapitishe Daraja la Nyerere pale Kurasini, lililozinduliwa tarehe 19 Aprili 2016, mita 680 za lami ambazo gari linazimaliza mtu hajamaliza hata sentensi. Kwa mgonjwa, au kwa mwenye gari lililojaa watoto wachanga, sina ubishi. Lakini kwa mgeni aliyekuja kutembea, pantoni ni nusu ya matembezi yenyewe. Ukiwa juu ya chombo unauona mji kutoka majini, mnara wa kanisa la Azania Front ukiwa miongoni mwa maghorofa, na meli ya makontena ikiingia bandarini karibu kiasi cha watoto kuanza kuyahesabu makontena kwa sauti. Baba, ambaye ni mwalimu mstaafu, aliposhuka Kigamboni na kuonyeshwa Chuo cha Kivukoni, alisimama palepale njiani akaanza kuwaeleza wajukuu jinsi chuo hicho kilivyofunguliwa mwaka 1961 kuwaandaa viongozi wa nchi iliyokuwa ikijiandaa kupata uhuru. Pilau ikasubiri kwenye hotipoti, nasi tukasubiri juani, na sidhani kama ningelipata somo hilo ndani ya gari.

Sisi wenyeji wa wageni nasi tujiangalie. Nimeona familia zinafika kivukoni zimebeba masufuria, majiko ya mkaa, spika na madumu ya maji, kila mtu mzima mikono imejaa, kisha bibi au babu anaachiwa mtoto wa darasa la pili amshike mkono. Afadhali tuache spika nyumbani, mtu mzima mmoja awe mikono mitupu kwa ajili ya mzee, na tuanze kurudi kabla ya saa kumi, maana jioni ya Jumapili umati wa kutoka ufukweni hauna mfano.

Kwa wanaosimamia vivuko vyetu, hapa na kwingineko nchini, ninalo ombi moja. Kabla ya lango kufunguliwa kwa wote, litolewe tangazo la kipaza sauti kwamba wazee, wajawazito, watu wenye ulemavu na wenye watoto wachanga watangulie, kisha wapewe dakika mbili au tatu za kufika ndani na kukaa. Jambo hili halihitaji chombo kipya wala bajeti ya mwaka ujao wa fedha. Lingeweza kuanza kabla wageni wa Desemba hawajaanza kushuka Stendi ya Magufuli.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam